Barua kwa Mwanangu Kuhusu Saa za Kuandika

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama, na salamu za mjukuu wangu nimezipokea kwa furaha. Huku Lindi hatujambo. Mikorosho ya Kitunda imeanza kudondosha, na kaka yako huvuka ghuba kwa boti kila asubuhi kwenda kusimamia uokotaji.

Umeniuliza mwandishi wa hadithi anapaswa kuandika saa ngapi kwa siku, na kama mtu mwenye ajira na mtoto mchanga anaweza kumaliza riwaya bila kuomba likizo ya mwaka mzima isiyo na malipo. Mimi, kama ujuavyo, nikishaswali alfajiri huketi mezani mpaka wanafunzi waanze kupita njiani, kisha huenda sokoni kutafuta samaki, na alasiri huyarudia ya asubuhi, nikifuta mengi kuliko ninayoongeza. Ndivyo siku zangu zinavyokwenda tangu nistaafu ualimu. Lakini kila nikijaribu kuzihesabu saa hizo ili nikupe jibu, naona kwamba saa zilizonizalia kitu hazimo katika hesabu hiyo. Hadithi husikiwa kwanza, ndipo ikaandikwa. Nilikuwa nikikwambia hivi tangu ungali shuleni, nawe ukinung'unika kwamba narudia.

Kumbuka kivuko cha Ndundu. Ulikuwa darasa la pili, na tulikuwa tunampeleka bibi yako Dar es Salaam akatazamwe macho. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Wakati ule gari lolote la kusini lilitegemea pantoni kuuvuka mto Rufiji. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuigeuza barabara kuwa tope, mto umejaa, pantoni imesimama, na nyuma ya basi letu foleni ya malori ikazidi kurefuka. Watu ambao asubuhi hawakujuana walikuwa jioni wanapika sufuria moja. Utandiko aliolalia yule mwanamke mwenye mtoto wa homa ulikuwa turubai la utingo wa lori, kijana ambaye mchana alikuwa akitukana kila mtu. Bibi yako, aliyekuwa haoni vizuri, ndiye aliyesikia kabla yetu sote kwamba pumzi za mtoto yule zimebadilika, akaanza kuwaamsha watu kuuliza nani ana dawa. Usiku kucha mwanamke yule alizungumza: kuhusu mumewe aliyeko Kariakoo, kuhusu mkwewe aliyemkataza kusafiri, na kama aendelee mbele au arudi alikotoka. Sikuandika hata neno moja. Nilikaa, nikakupakata, nikasikiliza. Tulipovuka, wao walibaki ng'ambo, na hatukuonana tena.

Miaka mingi baadaye usiku ule ukawa riwaya, nawe ndiye uliyeichapa kwa mashine ya shuleni wakati wa likizo. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja. Mhariri wake aliandika kwamba ameipenda, ila akashauri kivuko kihamishiwe Kigamboni, kule Dar es Salaam, kwa kuwa hicho ndicho wasomaji wengi wanachokijua. Barua ile ninayo hadi leo, na nikiisoma kifua bado kinanibana. Kigamboni mtu hungoja, huvuka, na jua likizama amekwisha fika kwake. Hana haja ya kumweleza aliyesimama naye kwamba mkwewe alimkataza safari. Ndundu ilimlazimu mwanamke yule aombe maji, na aliyeomba maji akaulizwa anatoka wapi, na aliyeulizwa akajikuta amesema yote. Ukikihamisha kivuko, utingo hatoi turubai lake, na bibi yako hana sababu ya kuwa macho usiku. Mhariri yule aliona maji na chombo cha kuvukia, lakini watu waliokuwa ukingoni hakuwasikia.

Nakiri kwamba alikuwa na hoja. Kitabu lazima kiuzwe, na kijana aliyezaliwa baada ya daraja huvuka Rufiji amelala kitini bila kujua amevuka nini. Nimelipima jambo hilo mara nyingi, hasa katika miaka ile ambayo mswada ulikaa kabatini na ada yenu ya shule ikingoja fedha za korosho. Hata hivyo kila nikilipima narudi palepale: asiyejua ndiye anayepaswa kusimuliwa. Sikuhamisha kitu. Ilipochapwa hatimaye, kwingine na kwa nakala chache, alikuja hapa nyumbani dereva mmoja mstaafu wa malori ya njia ya kusini. Aliketi barazani, akakataa chai, akataka jambo moja tu: nimwambie kama yule mtoto alipona. Nilimweleza kwamba sijui, kwa sababu kweli sijui. Alikasirika, mwanangu, akaanza kunihoji kama mtu aliyenikabidhi mtoto wake! Sijawahi kupata malipo makubwa kuliko hasira ile.

Sasa naona nimekwenda mbali na likizo yako. Ningependa kukwambia moja kwa moja kwamba usiiombe, na kalamu imenijia mkononi mara mbili kuandika hivyo. Kinachonizuia ni kwamba mimi nilikuwa na bibi yako. Aliyekubeba mgongoni nilipokuwa mezani ni yeye, na aliyewasha moto kabla sijasali ni yeye. Kwa hiyo ninapodai kwamba saa si kitu, nasema kwa niaba ya mtu aliyepewa saa hizo bure. Wewe huko Dodoma huna wa kukushikia mtoto isipokuwa msichana wa kazi, naye ana siku zake za kwenda kwao. Zungumza na mumeo, hesabuni akiba yenu, na uamuzi wenu nitaupokea.

Ila nitasema hili, kwa kuwa siwezi kulinyamazia. Katika barua yako umetumia kurasa tatu kuilalamikia masijala unakofanya kazi, na ndani ya malalamiko hayo umemtaja, kwa mistari michache, mzee anayekuja kila Jumatatu kuulizia jalada la mafao yake, amevaa koti lilelile na kushika bahasha ileile. Riwaya uliyoniambia unataka kuiandika ina kila kitu ulichokipanga, lakini sijasikia ndani yake mtu yeyote ninayetaka kujua habari zake kesho. Huyo mzee namtaka. Ukichukua likizo, Jumatatu hutakuwapo.

Niandikie upesi, unieleze anajibu nini anapoambiwa jalada halijapatikana, na nani kati yenu humwambia.

Mama yako.