Daraja mbadala la gitaa la umeme: milimita nne zilizonigharimu miezi mitano

Gitaa nililokuwa nikiliunda mwenyewe lilikaa mezani miezi mitano bila nyuzi kwa sababu ya tofauti ya milimita nne. Nilikuwa na bodi, yaani mwili wa gitaa, iliyokwisha kutumika, shingo iliyotoka kwenye gitaa jingine kabisa, na daraja la zamani, kile chuma kinachobeba nyuzi juu ya bodi, lililoliwa na kutu kwa jasho la mikono ya mwenye nalo wa kwanza, hadi skrubu ndogo za kurekebishia zikakataa kuzunguka. Niliona kazi ni nyepesi: daraja hili limefungwa kwa skrubu sita mbele, basi nitanunua jingine lenye skrubu sita. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba lake ni la saizi ya kawaida, nami nikamwamini.

Saizi ya kawaida haipo. Madaraja yanayofuata mtindo wa Stratocaster, gitaa ambalo Fender ililitoa mwaka 1954, yana angalau koo mbili zinazofanana sana kwa macho. Ukoo wa zamani una umbali wa milimita 56.4 hivi kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita, na nyuzi zake zimeachana kwa kiasi hicho hicho. Ukoo wa pili, unaopatikana kwenye magitaa mengi ya bei nafuu, una milimita 52.5, yaani milimita 10.5 kati ya uzi na uzi. Ukigawa tofauti hiyo pande mbili, kila skrubu ya pembeni inakosa tundu lake kwa takriban milimita mbili, na hakuna umbali mbaya kuliko huo: ni mkubwa mno kwa skrubu kulazimishwa iingie kwenye tundu la zamani, na ni mdogo mno kwa tundu jipya kutobolewa jirani bila matundu yote mawili kuungana yakawa pango. Najua kwa sababu nililazimisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usitafute daraja kwa jina la mtindo wake, bali kwa vipimo ulivyovitoa wewe mwenyewe kwenye bodi na shingo ulizonazo. Tumia kalipa kama unayo. Rula ya chuma yenye alama safi za milimita nayo inatosha ukiwa mwangalifu. Usijaribu kukisia katikati ya tundu kwa jicho. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la mwisho, kwani matundu yakiwa na upana sawa, kipimo hicho ni sawa na kile cha kutoka katikati hadi katikati. Kisha pima nyuzi kwa njia hiyo hiyo, ukiviacha vipimo hivi viwili vibaki viwili. Yapo madaraja ya kisasa yanayosimama juu ya nguzo mbili ambayo nguzo zake zimeachana kwa milimita 56 na ushee, lakini nyuzi zake zimeachana kwa milimita 52 na kidogo tu, hivyo anayepima nguzo akadhani amepima nyuzi atakuwa amejidanganya.

Upana wa nyuzi unahusu shingo zaidi kuliko bodi, na hapa ndipo watu wengi wanaounganisha vipande vya magitaa tofauti hukwama. Kwenye shingo ya freti 22, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo, kuhama kutoka daraja la milimita 52.5 hadi la 56.4 kunazisogeza nyuzi za pembeni karibu na kingo kwa milimita 1.4 hivi kila upande, zikifika freti ya mwisho. Kiasi hicho ni kidogo kwenye karatasi, lakini ukivuta uzi wa kwanza kidogo tu unateleza nje ya freti na noti inakufa. Njia ninayoiamini ni ya uzi wa kushonea: funga shingo mahali pake, pitisha nyuzi mbili za kushonea kutoka kwenye mifereji ya pembeni ya kile kipande kilicho mwanzo wa shingo, upande wa kichwa cha gitaa, zivute hadi mahali daraja litakapokaa, ziachanishe kwa kipimo cha daraja unalotaka kununua, kisha angalia nafasi iliyobaki pande zote mbili za shingo. Jaribio hilo la dakika tano halihitaji kununua chochote, na lingeniokoa. Ukiwa hapo hapo, tazama pia kama nyuzi zinapita juu ya vichwa vya sumaku za pikapu, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, ingawa kukosa kwa milimita moja upande huo sijawahi kukusikia kwenye sauti.

Urefu wa daraja kwenda juu ni suala lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa kuwa halitibiki kwa drili. Daraja la Tune-o-matic, ambalo Gibson ililitia kwenye magitaa yake katika miaka ya 1950, husimama juu zaidi ya bodi kuliko lile la mtindo wa Fender, na kwa sababu hiyo magitaa yaliyobuniwa nalo huwa na shingo iliyoinamishwa nyuma kwa digrii kadhaa. Ukiliweka kwenye bodi ambayo shingo yake imelala sambamba nayo, nyuzi zitaelea mbali na freti hata ukilishusha daraja hadi mwisho, na itakubidi uweke kipande chembamba cha mbao chini ya kisigino cha shingo ili uiinamishe. Umbo la juu la Tune-o-matic nalo limekwisha kupindwa kiwandani kufuata shingo yenye mviringo wa nusu kipenyo cha inchi 12, ilhali daraja ambalo kila uzi una kikalio chake, kipande kidogo ambacho uzi hulalia, chenye skrubu za urefu linaweza kufuata shingo yoyote. Jambo la kuchekesha ni kwamba nguzo za Tune-o-matic na zile za Floyd Rose ya asili, daraja la tremolo linaloyumbishwa kwa mkono kubadili sauti, zote huachana kwa takriban milimita 74, na bado hakuna kinachofanana kati ya vyombo hivyo viwili. Floyd Rose huhitaji shimo kubwa lililochongwa ndani ya bodi.

Kama unahamisha mahali pa daraja, au bodi haijatobolewa kabisa, anza na shingo. Pima kutoka mwanzo wa shingo hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili: yangu ilikuwa milimita 324, kwa hiyo urefu wa uzi unaopigwa ni 648. Kikalio cha uzi wa kwanza kikae kwenye kipimo hicho kikiwa karibu na mwisho wa safari yake ya mbele, kwa kuwa vikalio vyote, na hasa cha uzi mnene, vitahitaji kurudi nyuma milimita kadhaa ili noti za juu zisipande kupita tuni. Anayetoboa matundu akiwa ameweka vikalio vyote katikati huishia kukosa nafasi ya kurudisha uzi wa sita.

Yale matundu niliyoyaharibu niliyaziba kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyokaa kwa kubana, nikavipaka gundi ya mbao, nikasubiri siku nzima, nikakata kilichozidi kwa patasi na kusawazisha kwa msasa. Usizibe kwa gundi peke yake wala kwa njiti za kiberiti, kwa sababu seti ya kawaida ya nyuzi zilizokazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 45, na matundu ya mbele ndiyo yanayobeba mzigo huo.

Kuhusu madini, nimesoma mabishano marefu kati ya wanaosifu chuma na wanaosema aloi ya zinki inatosha. Maoni yangu ni kwamba daraja la bei ndogo linaloenea vizuri hushinda la bei kubwa linaloyumba, ila vikalio vyake visiwe na kingo kali zinazokata nyuzi. Kwa tremolo, pima pia unene wa bodi kabla ya kununua: bodi ya milimita 40 ikipewa bloku, lile pande la chuma linaloshuka chini ya daraja, ya milimita 42, bloku hutokeza nyuma na kifuniko hakifungi.

Daraja la tatu nililoliagiza, baada ya kumwomba muuzaji mwingine anipe vipimo vyote kwa milimita na kuvilinganisha na karatasi yangu, liliingia bila kulazimishwa. Nilipowasha amplifaya, gitaa likavuma kama nyuki, na mvumo haukubadilika hata nilipogusa nyuzi: waya wa ethi ulikuwa umebaki ukining'inia ndani ya bodi, haujafika kwenye daraja. Nilifungua skrubu, nikaulaza waya chini ya chuma, nikafunga tena.