Maswali na Majibu: Nitajuaje Kwamba Ni Mungu Anayesema?

Bwana asifiwe, mtumishi. Nimeokoka miaka mingi, nasali na kufunga, lakini sijawahi kusikia sauti yoyote. Wenzangu kila mara husema "Mungu kaniambia". Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Samweli alilala hekaluni, karibu na sanduku la Mungu, na bado alipoitwa alimkimbilia kuhani Eli mara tatu, akidhani ndiye aliyemwita. Sababu imeandikwa (1 Samweli 3:7): alikuwa hajamjua Bwana bado. Sauti aliisikia vizuri. Aliyemwita ndiye hakumtambua. Kwa hiyo nakuuliza: hujawahi kusoma mstari ukakuchoma moyo mpaka ukaenda kumwomba mtu msamaha? Hujawahi kuzuiwa kusema neno lililokuwa tayari mdomoni? Hapo ulisemeshwa. Wengi wetu Mungu hutusemesha hivyo maisha yetu yote. Hata Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, aliyesikia sauti kama ya mtoto bustanini Milan mwaka 386, sauti hiyo ilimtuma kusoma, na kilichomgeuza ni maneno ya Warumi 13:13-14.

Nitatofautishaje sauti ya Mungu na mawazo yangu, hasa jambo ninapolitaka sana? Nimefundishwa kwamba nikiwa na amani moyoni, basi ni Mungu.

Amani ni njema, lakini peke yake haitoshi. Yona alikuwa akimkimbia Mungu, na akalala usingizi mzito ndani ya merikebu. Bwana Yesu alikuwa katikati ya mapenzi ya Baba pale Gethsemane, na jasho lake likawa kama matone ya damu.

Mimi huanza kwingine: je, niko tayari kuambiwa hapana? Soma Yeremia 42. Watu walimwomba nabii awaulizie kwa Mungu, wakaapa kutii, liwe jema au liwe baya. Jibu lilikuja baada ya siku 10, nao wakamwita Yeremia mwongo, kwa sababu safari ya kwenda Misri walikuwa wameshaikusudia kabla ya kuuliza. Moyo uliokwisha kuamua huomba muhuri tu.

Kisha pima kwa Neno, na Neno zima. Mstari mmoja ulionyofolewa si ushahidi. Ibilisi naye alimnukulia Yesu Zaburi ya 91. Halafu upe muda. Ignatius wa Loyola, askari aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, akiuguza jeraha la vita alilopata mwaka 1521, aligundua kwamba ndoto za sifa na ushujaa zilimfurahisha alipokuwa akiziwaza, kisha zikamwacha mkavu, lakini mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia furaha iliyobaki. Angalia kinachobaki moyoni msisimko ukishapita. Na usipime peke yako. Mitume, baada ya mjadala mkali, waliandika: "Ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi" (Matendo 15:28).

Kaka mmoja kanisani anasema Mungu amemwonyesha kuwa mimi ni mke wake. Mimi sijaonyeshwa chochote. Nikikataa, nitakuwa nimemwasi Mungu?

Hapana, dada yangu. Katika 1 Wafalme 13, mtu wa Mungu kutoka Yuda aliagizwa asile wala asinywe Betheli. Nabii mzee akamwambia kwamba malaika amesema vingine. Ilikuwa uongo, naye akauamini, akauawa na simba. Aliyemdanganya alikuwa nabii kweli, tena mwenye mvi. Hatudharau unabii, lakini tumeamriwa kujaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Mwambie huyo kaka kwamba unapima. Akikukasirikia au akikutisha kwa laana, umeshapata jibu.

Naweza kumwekea Mungu ishara kama Gideoni?

Sikushauri. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Yeye mwenyewe alisema "kama ulivyosema" (Waamuzi 6:36). Ile ngozi ya kondoo aliyoitandaza usiku, aone kama umande utailowesha, ilikuwa ya mashaka yake, na Mungu alimvumilia.

Nilitubu dhambi fulani zamani, lakini kuna sauti inayoniambia mimi sifai. Ni Roho Mtakatifu?

Roho Mtakatifu hutaja dhambi yenyewe na kukuonyesha njia ya kutoka: tubu, rudisha, patana. Sauti inayokuambia tu kwamba hufai, bila kukupa la kufanya, haitoki kwake. Paulo alizitenganisha huzuni hizo mbili, moja ikileta toba na nyingine mauti (2 Wakorintho 7:10). Kama bado hujarudisha ulichochukua, karudishe. Kama ulishamaliza, jibu sauti hiyo kwa Warumi 8:1, kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, na uusome mstari huo kwa sauti.

Ndugu yangu husikia sauti zikimwamuru ajidhuru. Tumwombee tu?

Mwombeeni, na mpelekeni hospitali leo. Msimwache peke yake. Mungu hamwamuru mtoto wake ajiue, na daktari wa afya ya akili anazijua dalili hizi na ana tiba. Akipewa dawa, asiziache kwa sababu mtu amemwambia hana imani.