Soma Viza Kabla ya Mkataba

Mmeuliza juma hili: mtu wa Mombasa anayekwenda Uarabuni kufanya kazi, ni karatasi gani inayomlinda zaidi, na mambo yakienda kombo aanzie wapi? Wengi watajibu mkataba. Mimi nasema viza, tena mstari mmoja tu wa viza: ule wa kazi, ulioandikwa "mihna" kwa Kiarabu.

Mkataba wa Kiingereza uliotiwa sahihi kwenye ofisi ya orofa ya pili Mwembe Tayari unaweza kusema utasafisha hospitali. Ukifika Saudia, kinachotazamwa ni viza na iqama, kibali cha ukaazi, itakayotokana nayo. Ikiwa viza inasema "aamila manziliyya", wewe ni mfanyakazi wa nyumbani, hata ukiahidiwa nini. Aliyepitia chuo cha Kurani hahitaji mkalimani hapa: neno la kwanza laanza na ayn, alif, mim, la pili na mim, nun, zay, lam, yaani manzil, nyumba. Kwa wanaume mtego ni "saiq khas". Mtu kaahidiwa lori la kampuni, kumbe viza ni ya dereva wa mtu binafsi, na dereva wa aina hiyo huwekwa kapu moja na khadama, mtumishi wa nyumbani.

Kapu hilo ndilo lenye shida. Sheria ya Kazi ya Saudia ya mwaka 2005 haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao mbali. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyoshangiliwa kana kwamba ukafili, ule mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake (kafili), umekwisha, yaliwapa wafanyakazi wa makampuni nafasi ya kuhama mwajiri na kutoka nchini bila idhini yake. Wa majumbani, madereva binafsi na watunza bustani waliachwa nje. Kanuni mpya zilizoanza Oktoba 2024 zimewaongezea kitu: kazi isizidi saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo yenye malipo, na mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti. Ni maneno mazuri, ila mkaguzi wa kazi haingii nyumba ya mtu kama aingiavyo kiwandani. Haki ya ndani ya nyumba inategemea sana nani anajua uko nyumba gani.

Kisha ielewe njia ya pesa, maana ndiyo inayoeleza tabia za watu wote katika safari hii. Mwajiri wa Saudia humlipa maktab, ile ofisi ya kuajiri ya kule, maelfu ya riyali kwa mkupuo. Humo mna tikiti na fungu la ajenti wa huku, na viza pia hulipiwa na mwajiri. Kwa hivyo ajenti anayekudai "pesa ya viza" kwa kazi ya nyumbani anataka kula kotekote. Maktab nayo hutoa dhamana ya siku 90: mfanyakazi asipofaa au akikataa kazi ndani ya muda huo, ni juu yao kumleta mwingine au kurudisha pesa. Siku ya 91 dhamana hiyo imekwisha, na hapo ndipo lile neno la "nimekununua" huanza kusikika. Ukiona kazi si ile uliyokubali, au mshahara wa kwanza umepungua, lalamika mara moja, usingoje mwezi wa tano. Watu wetu huvumilia kwanza ili wasionekane watundu, na uvumilivu huo huwamalizia siku zao bora za kudai.

Mshahara uandikwe kwa riyali. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hivyo riyali 900 ni dola 240 leo na kesho. Shilingi ndiyo inayopanda na kushuka. Ajenti akitaja shilingi peke yake, mwambie akufungulie mkataba wa Musaned, mfumo rasmi wa Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, umwone mwajiri, mji na kiasi.

Huku nyumbani, jina la ajenti litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na utazame tarehe ya usajili wake, kwani cheti kilichokwisha muda hutundikwa ukutani vilevile. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi, baada ya kuhakikisha kuwa umeuelewa na hukudanganywa. Wengi huiruka hatua hii. Pasipoti iombe na uilipie mwenyewe, uende mwenyewe ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, kupiga picha na alama za vidole. Ajenti akikulipia, ataishika kama rehani, na siku utakapobadilisha nia utadaiwa "gharama" zisizo na risiti. Malipo yoyote yaende kwa kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu.

Dubai ni hadithi nyingine, na kosa lake ni moja: viza ya matembezi. Ni marufuku kuifanyia kazi, na ukipitisha siku faini ni dirhamu 50 kila siku. Tangu 2024 mwajiri anayekamatwa na mfanyakazi asiye na kibali anaweza kutozwa kuanzia dirhamu 100,000, ndiyo maana yeye ndiye wa kwanza kukukana. Wenye viza halali watazame mshahara wa msingi. Ofa ya dirhamu 1,500 ambayo msingi wake ni 800 itakupa kiinua mgongo cha dirhamu 560 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, maana malipo ya siku 21 hupigwa kwenye msingi peke yake. Kwa 1,500 zote ingekuwa 1,050. Qatar ina afueni kidogo: kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 za Qatar kwa mwezi tangu Machi 2021, na kuhama mwajiri hakuhitaji ruhusa yake, bali notisi.

Mambo yakiharibika Saudia, usikimbilie kwa rafiki wa Riyadh aliyekuambia kuna kazi za siku. Mwajiri ataripoti huroob, yaani umetoroka, na kuanzia hapo madai ya mshahara yanageuka kesi ya viza: huenda usiweze kuhamishwa wala kupata khuruj, viza ya kutoka, na njia ya kurudi inaweza kupitia tarhil, kizuizi cha kurudisha watu makwao. Anza na maktab na ajenti kwa ujumbe wa maandishi, kisha Wizara ya Rasilimali Watu kwa 19911, kisha ubalozi wa Kenya. Kama unapigwa au kuingiliwa mwilini, ruka yote hayo uende polisi au ubalozini. Usitie sahihi karatasi ya kupokea mshahara ambao hukuupokea, wala usimpe mtu kadi ya benki na nambari yake ya siri.

Hayo yote hayasongi kama nyumbani hawana faili. Waachie nakala ya pasipoti, viza, mkataba, jina na simu ya kafili, jina la maktab, mji na mtaa. Iqama ikitoka, watumie picha yake. Nambari ya iqama ina tarakimu kumi na huanza na 2. Ya kafili raia huanza na 1. Mama akienda kulalamika na nambari hizo mbili, afisa ana pa kuanzia. Akienda na picha ya binti yake tu, ataambiwa angoje.

Aliyerudi na madai dhidi ya ajenti wa Kenya ana miaka mitatu kufika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo ipo hapa hapa Mombasa. Atunze tikiti, meseji za M-Pesa na ile viza yenye mstari wa mihna.