Wenzako wa kazini wakija Arusha: mle wapi, nani alipe, na kwa nini Ngorongoro muisahau

Wageni wa ofisi yetu hutoka Nairobi, Kampala na mara mojamoja Ulaya. Wanakuja kwa vikao vya siku tatu nne, na kabla hawajashusha mabegi wameshauliza: Ngorongoro tunaenda lini? Jioni nakabidhiwa mimi hao wageni, eti kwa sababu nakaa Njiro na sina watoto wadogo, kwa hiyo jibu ninalo mdomoni. Hatuendi. Kutoka mjini hadi lango la Loduare ni mwendo wa kama saa tatu, na hapo bado hujateremka kwenye kreta yenyewe, kina chake mita 600 hivi. Anayeitaka aongeze siku baada ya kikao, kwa likizo yake na kwa pesa yake. Jioni ya katikati ya wiki, Ngorongoro pekee utakayoiwahi ni lile jengo lenye jina hilo pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa mjini.

Nalimaliza hili mapema kwa sababu safari za kikazi nyingi nimeziona zikiharibikia hapo. Watu kumi wanataka kwenda kila mahali, wote pamoja, kwa gari moja, na anayechelewa kuoga anawachelewesha tisa. Pangeni jambo moja tu la pamoja, mlifanye vizuri, halafu kila mtu awe huru na jioni zake.

Jambo hilo, kwangu mimi, ni chakula cha usiku. Na kisiwe usiku wa kwanza. Aliyetoka Nairobi kwa basi amekaa njiani saa tano, sita, na Namanga ameshuka na kupanga foleni. Huyo hataki meza ya watu kumi na wawili. Anataka maji ya moto, supu na kitanda. Usiku wa pili ndio mzuri: watu wameshajuana kikaoni, wameshabishana kidogo, wana la kuzungumza.

Ukiamua kuwapeleka kwenye nyama choma, usifike na kundi zima ndipo uanze kuagiza. Nyama inachaguliwa mbichi buchani, inapimwa, ndipo inapanda jikoni, na mguu wa mbuzi unaweza kula saa nzima. Piga simu mchana. Sema kilo ngapi, sema ndizi za kuchoma na ugali, sema mnafika saa ngapi. Mimi hukadiria nusu kilo kwa kichwa, na huwa inabaki. Wageni wenye njaa wakikaa saa nzima na bia tupu mezani, nyama ikija wengine hawaionji tena.

Kabla ya hiyo simu, muulize kila mmoja anakula nini na hali nini. Muulize kwa ujumbe, yeye peke yake, siyo kwa kunyoosha mikono kikaoni. Arusha na Moshi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kinapendwa sana, na mahali pengi jiko ni hilohilo moja. Mwenzako Mwislamu hatatulizwa na "yako tutaiweka pembeni." Nendeni kusikopikwa kitimoto kabisa, mambo yaishe. Mjini kuna Khan's, ambapo mchana ni biashara ya vipuri vya magari na jioni majiko yanatoka nje: kuku, mishkaki, na safu ya kachumbari na saladi unazojichotea mwenyewe. Wageni wa Ulaya hupapenda kwa sababu wanaona moshi na kusikia makelele ya mtaa. Wa Nairobi hupapenda kwa sababu ya kuku. Kwa wasiokula nyama kabisa, mji huu una migahawa ya Kihindi ya kutosha, hilo halina shida.

Shida iko kwenye bili. Hapa ndipo watu waliocheka pamoja usiku kucha huamka hawasalimiani. Mmoja ni Msabato, amekunywa soda moja. Mwingine ameshusha bia sita na konyagi. Kisha anatokea mwenye haraka anasema tugawane sawasawa! Simamia hilo kabla watu hawajakaa. Mwite mhudumu pembeni: "Dada, chakula chote andika bili moja, vinywaji kila mtu na yake." Sentensi hiyo moja inatosha. Chakula kikilipwa na ofisi, daini risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mtoe jina la kampuni na TIN, namba yake ya mlipakodi, kabla ya kulipa, maana kurudi kesho yake kuomba irekebishwe ni kujitafutia kazi. Mhasibu wa Kampala huenda hajui EFD ni kitu gani, lakini karatasi iliyoandikwa kwa mkono anaijua akiiona.

Na dereva? Nashangaa jinsi anavyosahaulika. Watu wanakula, yeye yuko kwenye gari anasikiliza redio. Muulize mapema kama atakaa mezani au atapenda apewe pesa ale anakotaka. Wengi huchagua pesa, na ni haki yao.

Kama wewe ndiye mkuu wa msafara, kaa, kula, simulia visa vyako viwili, ikifika saa tatu aga uende. Usijisikie vibaya. Ukishaondoka ndipo vijana watasema waliyoshindwa kusema kikaoni, na asubuhi utakuta suala lililokwama siku mbili limekwisha. Mkuu anayekaa hadi saa sita usiku anawanyima hilo, tena anawalazimisha kukaa.

Waambie pia wabebe sweta. Mji uko kwenye mita kama 1,400, na mwezi wa sita na wa saba usiku wa hapa unamshangaza hata mtu wa Nairobi, seuze wa Dar.

Matembezi yafuate ratiba ya kikao. Mapumziko ya mchana yanatosha kwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900, karibu kabisa na AICC. Siku nyingine nendeni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Wakenya na Waganda huingia pale kwa adabu ya mgeni na kutoka wakibishana juu ya mwaka 1967 hadi hotelini, jambo ambalo mimi hulifurahia kuliko wao. Zawadi wakanunue soko la Wamasai, ila wasinunue kwa bei ya kwanza. Na ule mlima ulio juu ya mji, tafadhali, ni Meru. Kilimanjaro mtauona vizuri zaidi mkielekea Moshi, alfajiri, kabla mawingu hayajaushika.

Mkipata nusu siku, Hifadhi ya Taifa ya Arusha inawatosha. Mnachepuka Usa River. Kuna twiga, nyati, mbega, na flamingo kwenye maziwa ya Momella. Simba hakuna, waambie mapema wasije wakanuna. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kama Watanzania, kwa hiyo pasipoti zisiachwe hotelini.

Siku ya kuondoka itumieni kwa vile vilivyo njiani kuelekea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mabegi yakiwa garini. Tengeru wana soko kubwa, na Ziwa Duluti liko hapohapo, mnalizunguka kwa miguu. Wengi watataka Chemka, ile chemchemi ya kuogelea. Chemka iko mbele ya KIA: mnachepuka Boma Ng'ombe na kuingia barabara ya vumbi. Kwa ndege ya usiku inawezekana, mkitoka mjini asubuhi. Kwa ndege ya mchana msijaribu. Nguo za kuogelea na taulo ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo chini ya sanduku. Na asiyetaka kuogelea mbele ya bosi wake asiulizwe mara mbili, kivuli kipo na chipsi zinauzwa.