Gari la umeme linakula tairi upande mmoja: wasomaji wanauliza

Barua kuhusu matairi ya magari ya umeme zimerundikana. Tumechagua nne zinazogusa wengi.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Tesla Model Y ya 2022 yenye mota mbili. Matairi ya nyuma yametembea kilomita 24,000. Kwa nje kashata (meno ya tairi) bado ni nzuri, lakini fundi wa pancha alipolivua moja alinionyesha ukingo wa ndani: waya zimeshatokeza. Duka lililoniuzia linasema ni uzito wa betri, hakuna la kufanya. Ni kweli?
*Msomaji, Dubai*

JIBU: Waalaykum salaam. Kabla ya yote, matairi hayo usiyapandishe tena barabara kuu. Tairi lililofika kwenye waya hupasuka likiwa kwenye spidi, na joto la huko linaharakisha.

Duka limekupa nusu ya ukweli. Model Y yako ina karibu kilo 2,000, na mota ya umeme inatoa nguvu yote papo hapo ukigusa pedali, kwa hiyo tairi kuisha mapema ni jambo la kutarajiwa. Ila uzito unalimaliza tairi lote. Likiisha ukingo mmoja tu, kosa ni la pembe, na pembe zinapimika.

Pembe zinazokuhusu ni mbili. Ya kwanza ni kemba, yaani gurudumu kuinama. Magurudumu ya nyuma ya Model Y yameinamia ndani kwa juu, kwa makusudi, ili gari lishike barabara kwenye kona. Ukijaza abiria na mizigo nyuma kunashuka na mwinamo unaongezeka, hivyo ukingo wa ndani ndio unaobeba zaidi. Ya pili ni tou: magurudumu kutazamana ndani au kuachana nje, kama mtu anayetembea vidole vikiwa vimepinda. Hii ndiyo mlaji mkubwa. Gurudumu lililokosea digrii 0.1 tu linalazimishwa kwenda kando mita 1.7 katika kila kilomita moja. Kwa kilomita 10,000 hizo ni kilomita 17 za kusuguliwa, na kwa sababu ya kemba, sehemu kubwa ya msuguo inaangukia ukingo uleule wa ndani. Kemba peke yake, tou ikiwa sawa, inakula polepole mno kuliko watu wanavyodhani.

Kwenye gari lako tou ya nyuma inarekebishika bila kuongeza kifaa, jinsi gari lilivyotoka kiwandani: kuna boliti yenye kisahani kisichokaa katikati, ukiizungusha, mkono (chuma kinachoshikilia gurudumu) unasogea. Kemba ya nyuma haina marekebisho. Wapo wanaouza mikono ya kuirekebisha, lakini usianze na hiyo. Anza na tou, pima matokeo kwa kilomita 5,000, ndipo uamue. Na ukibadilisha mkono wa kemba, tou inahama, kwa hiyo alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, inarudiwa yote.

Ukienda kufanya alaimenti, hakikisha mambo haya. Upepo uwe sawa na kibandiko cha mlangoni, 42 psi kwenye gari lako, na upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukipima mchana baada ya safari utaona umezidi, usiutoe. Buti iwe tupu. Fundi aanze nyuma, ndipo aje mbele, kwa sababu usukani unanyooshwa kwa kufuata mwelekeo wa magurudumu ya nyuma. Boliti ikazwe kwa kipimo cha kiwanda gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira wa bushi (kiungo cha mpira kwenye mkono) unabaki umejipinda na pembe inarudi ilikotoka baada ya siku chache.

Kisha dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Usiridhike na rangi ya kijani ya mashine. Tazama tou ya nyuma kushoto, kulia, na pembe ya msukumo, yaani upande ambao magurudumu ya nyuma yanalielekeza gari. Kuwa macho na namna mashine inavyoandika: 0°12' ni dakika 12, yaani digrii 0.20, wala si 0.12. Kosa hilo la kusoma limewafanya mafundi wazuri waache gari vibaya.

Baada ya hapo, kila mwezi weka simu nyuma ya gurudumu, kamera ikitazama tairi kwa upande wa ndani, upige picha. Ni rahisi kuliko kulala chini. Tesla wenyewe wanashauri kuzungusha matairi kila kilomita 10,000, au tofauti ya kina cha kashata ikifika milimita 1.5. Kama gari lako ni toleo la Performance la rimu za inchi 21, upana wa tairi mbele ni milimita 255 na nyuma 275, basi kubadilishana mbele na nyuma hakuwezekani.

SWALI: Habari za kazi. Nina Nissan Leaf niliyoagiza kutoka Japani. Matairi ya mbele yanaisha kingo zote mbili, na ukipitisha mkono unahisi kama msumeno. Nimefanya alaimenti mara tatu kwa mafundi tofauti. Karatasi zote zinaonyesha iko sawa, na usukani umenyooka. Nifanye nini?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Una magonjwa mawili kwa pamoja. Kingo zote mbili kuisha huku katikati kukiwa na afya ni upepo mdogo. Leaf nyingi zinataka 36 psi; vituo vingi vya mafuta vinajaza 30 kwa mazoea ya magari ya petroli.

Msumeno ni tou. Pitisha kiganja polepole juu ya tairi kutoka ukingo wa ndani kwenda nje, kisha urudi. Kikikwama ukitoka ndani kwenda nje, magurudumu yanatazama ndani mno. Kikikwama ukirudi, yanatazama nje. Kikikwama kwa mbele na nyuma, ukifuata mzunguko wa tairi, hiyo ni alama ya kusukumwa na kuvutwa na mota, nayo inatulizwa kwa kuzungusha matairi mapema.

Mbona basi karatasi inasema sawa? Kwa sababu mashine inapima gari limesimama. Kwenye Leaf magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na ndiyo yanayorudisha umeme kwenye betri ukiachia pedali, zaidi ukiwa kwenye gia ya B. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini ikiwa imechanika, kila ukikanyaga gurudumu linasogea mbele, kila ukiachia linarudi nyuma, na tou inabadilika nalo. Kwenye foleni ya mjini hilo linatokea mfululizo. Mashimo na matuta yetu ndiyo yanayozichana hizo bushi.

Gari likiwa juu ya jeki na limewekewa stendi, fundi achomeke mtaimbo kati ya mkono na chesisi asukume. Mpira mzima unajikunja kidogo na kurudi. Uliochanika unaachia nafasi unayoiona kwa macho. Kisha ashike gurudumu saa tatu na saa tisa alitikise: likicheza, ni tairodi (fimbo ya usukani). Saa kumi na mbili juu na chini: boljointi au beringi. Badilisha kilichokufa, pande zote mbili, ndipo ulipie alaimenti ya nne. Hizo tatu zilikuwa pesa ya bure, na fundi anayeweka gari kwenye mashine bila kulitikisa kwanza usimrudie.

Nyuma ya Leaf ni mhimili mmoja usio na marekebisho. Mashine ikionyesha nyuma kumekosea sana, shuku mhimili uliopinda kwa ajali kabla gari halijaja. Dawa yake ni kuubadilisha. Asije mtu na mtungi wa gesi kuuchemsha.

SWALI: Garaji hapa Kigali inaogopa kuweka BYD yangu ya umeme kwenye mashine ya alaimenti. Wanasema gari linajifunga breki dereva akishuka, na hawajui pa kuweka jeki.
*Msomaji, Kigali*

JIBU: Woga wao una msingi. Mashine nyingi zinahitaji gari livingirishwe kidogo ili kufuta kasoro ya rimu, na magari mengi ya umeme yanaingia P (gia ya kuegesha) yenyewe mlango ukifunguliwa. Mtu mmoja abaki kwenye kiti, mkanda umefungwa, gia iko N. Kitabu cha gari kinaonyesha pointi nne za kuinulia, chini ya kingo za milango; wekeni kipande cha mpira, na mikono ya lifti isiguse kabisa sahani ya betri. Kazi ikiisha, sensa ya usukani isawazishwe kwa kompyuta, na kamera ya kufuata mistari ya barabara ikaguliwe, la sivyo gari litakuwa linajivuta kando lenyewe.

SWALI: Matairi yangu ya zamani ni 215/55R18 99V XL. Muuzaji ana saizi hiyohiyo ya 95, bei nafuu. Kuna tofauti?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ipo, ya kilo 85 kwa kila tairi. Namba 99 inabeba kilo 775, 95 inabeba 690. Kwenye gari la umeme lililojaa watu watano, tairi la 95 linabaki na akiba ndogo zaidi ya uwezo; tairi likizidiwa linajikunja ubavuni, linapata joto, na kingo zinaisha hata alaimenti ikiwa safi. Nunua 99 au zaidi, yawe yameandikwa XL, yaani ya kubeba uzito wa ziada. Hayana ulazima wa kuwa na maandishi ya gari la umeme. Hayo mara nyingi yanakupunguzia kelele na kukuongezea masafa kidogo. Ukikuta sponji imebandikwa ndani ya tairi, ni ya kuzuia kelele. Fundi wa pancha aikate pale tu penye tundu kabla ya kubandika kiraka.