Maswali na Majibu: Programu ya Ujumbe kwa Mifumo ya Taasisi Kubwa

Swali: Mifumo yetu ya mishahara, malipo, leseni na kumbukumbu za wateja imeunganishwa moja kwa moja, kila mmoja na mwenzake. Je, kuna haja ya kuweka programu ya ujumbe katikati, yaani programu inayopokea taarifa kutoka mfumo mmoja na kuzifikisha kwa mwingine?

Jibu: Ikiwa mifumo ni mitatu au minne na haizimiki ovyo, iacheni ilivyo. Hesabu hubadilika ikifika kumi, kwa sababu kila mmoja ukihitaji kuwasiliana na wenzake wote mtakuwa na viungo 45 vya kutunza, na ikifika ishirini vitakuwa 190. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtumaji hamsubiri mpokeaji: mfumo wa malipo ukizimwa usiku kwa matengenezo, ujumbe hukaa kwenye foleni hadi uwashwe tena. Lakini pale ambapo ofisa anasubiri jibu mbele ya skrini, kwa mfano anapohakiki namba ya kitambulisho, foleni haimsaidii sana, na ni afadhali mfumo wake uulize moja kwa moja.

Swali: Tumependekezewa IBM MQ, RabbitMQ na Kafka. Ipi ni bora?

Jibu: Anayejibu swali hili kwa jina moja kabla ya kuuliza ujumbe wenu unahusu nini, huyo anauza. IBM MQ ilitoka mwaka 1993 ikiitwa MQSeries, na nguvu yake ni kwamba inafanya kazi pia kwenye kompyuta kuu za zamani ambazo taasisi nyingi bado zinazitegemea. Leseni yake hulipiwa. RabbitMQ ilitoka mwaka 2007, msimbo wake uko wazi, na ina ufundi mzuri wa kuelekeza ujumbe kwenye foleni mbalimbali kwa kanuni mnazoziweka wenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya hizi mbili, mpokeaji akishathibitisha kwamba amepokea, ujumbe unaondolewa kwenye foleni.

Kafka, iliyozaliwa katika kampuni ya LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, ni kitu kingine kabisa. Ni daftari la matukio: kila kinachoandikwa hubaki humo kwa muda mliouweka, na usipoubadilisha muda huo ni siku saba, huku kila msomaji akitunza mahali alipofikia. Kwa hiyo idara ya takwimu inaweza kuanza kusoma leo matukio ya juzi bila kumsumbua mtumaji. Gharama yake ni kwamba mpangilio wa ujumbe unahakikishwa ndani ya kigawanyo kimoja tu, yaani sehemu moja kati ya sehemu ambazo daftari hugawanywa. Ikiwa maombi ya mteja mmoja yanapaswa kushughulikiwa kwa zamu yake, ni lazima yote yaandikwe kwa ufunguo mmoja, labda namba ya mteja, ili yaangukie kigawanyo kilekile.

Maoni yangu ni haya: kazi inayotaka mtu mmoja aitekeleze, kama agizo la malipo, ipelekwe kwenye foleni; habari inayotakiwa na idara nyingi, kama mabadiliko ya anwani ya mteja, ipelekwe kwenye daftari. Taasisi kubwa inaweza kuhitaji vyote viwili, ila isianze navyo siku moja, maana kila kimoja kinataka watu wanaokijua hata saa nane za usiku.

Swali: Mwuzaji anasema bidhaa yake inakubali JMS, kwa hiyo tutaweza kuihama wakati wowote. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli nusu. JMS (Java Message Service) hueleza namna programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java inavyoita huduma ya ujumbe. Haielezi muundo wa data inayopita kwenye waya. Mifumo yenu iliyoandikwa kwa Python au .NET haifaidiki nayo. Mwulizeni kuhusu itifaki yenyewe, yaani kanuni za namna data inavyopita kati ya mifumo, hasa AMQP 1.0, ambayo OASIS, shirika la kuweka viwango, iliiidhinisha mwaka 2012 na ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2014. Mtajieni toleo kwa namba, kwa sababu AMQP 0-9-1 iliyoipa RabbitMQ umaarufu ni itifaki tofauti, na jina kufanana hakuzifanyi zielewane.

Swali: Je, kuna programu inayohakikisha kwamba ujumbe hautafika mara mbili?

Jibu: Zipo zinazoahidi, lakini ahadi huishia kwenye mpaka wa programu hiyo. Chukueni agizo la malipo: mfumo wa malipo umelisoma, umelipa, kisha umeme umekatika kabla haujatuma uthibitisho. Kwa upande wa foleni, agizo bado halijashughulikiwa, hivyo litatumwa tena. Kinga ni kila agizo kupewa namba ya pekee na mtumaji, na mpokeaji kuiandika namba hiyo katika kanzidata yake ndani ya muamala uleule unaoandika malipo; namba ikirudi, agizo linathibitishwa bila kulipwa tena. Kazi hii ni ya waandishi wa mifumo yenu, na iwekwe kwenye mkataba wao.

Swali: Tunaweza kupitisha nyaraka zilizoskaniwa humo humo?

Jibu: Msifanye hivyo. Kikomo cha kawaida cha ukubwa katika Kafka ni takribani MB 1 kwa ujumbe, na cha IBM MQ ni MB 4. Vinaweza kuongezwa, lakini foleni itazidi kuwa nzito. Wekeni faili kwenye hifadhi, mtume anwani yake.

Swali: Tufanye jaribio gani kabla ya kusaini?

Jibu: Takeni seva tatu, ili moja ikianguka, mbili zilizobaki ziweze kuendelea kwa kuwa ndizo zilizo nyingi. Kisha, ujumbe ukiwa unapita kwa kasi ya siku yenu yenye kazi nyingi, izimeni seva moja kwa kukata umeme, wala si kwa amri ya kuzima, na mlinganishe namba za ujumbe uliothibitishiwa mtumaji na zile alizozipata mpokeaji. Rudieni diski ikiwa imejaa. Mwisho, tumeni ujumbe ulioharibika kwa makusudi muone kama utatengwa kwenye foleni ya ujumbe ulioshindikana au utazuia ulio nyuma yake, na mwandike tangu sasa ni ofisa gani atakayeifungua foleni hiyo kila asubuhi.