Bakteria wameuawa, mbona mgonjwa wa kipindupindu bado anaharisha?

Mkuu wa Ujiji, umeuliza mgonjwa aliyemeza doksisaiklini (antibiotiki) miligramu 300 asubuhi inakuwaje jioni choo bado ni maji ya mchele, na kwa nini wauguzi wanang'ang'ania maji yenye sukari. Dawa imelenga bakteria. Kinachomwaga maji saa hizi ni sumu, nayo imeshaingia ndani ya seli.

Bakteria wenyewe hawaingii. Wanajibandika juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa protini ya vipande sita: vitano vya B vimejipanga duara, kimoja cha A kimekaa juu yake. Kazi ya B ni kushika. Kila kimoja hunasa sukari za GM1, aina ya mafuta yaliyo kwenye utando wa nje wa seli. Vitano vikishika kwa pamoja havibanduki, kwa hiyo habari ya kunywa maji mengi ili "kusafisha" sumu isahau.

Seli yenyewe ndiyo inayoimeza: utando unabonyea ndani na kukatika, inabaki kama kifuko. Wengi wanadhani sumu inakitoboa hapo hapo. Ya dondakoo ndivyo inavyofanya, asidi ya kwenye kifuko ikishaibadili umbo. Ya kipindupindu inasafiri kinyumenyume, inapita Golji, sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha protini, hadi retikulamu ya endoplazimu, yaani kule protini za seli zinakotengenezewa. Huko A inagawanyika na kipande cha A1 kinakunjuliwa. Seli inakiona kama protini mbovu na kukitupa nje, kwenye saitoplazimu (uteute unaoijaza seli), kikavunjwe. Hakivunjwi. Alama ya kuvunjwa hubandikwa kwenye laisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, na A1 ina laisini chache mno. Kwangu mimi huu ndio ujanja mkubwa kuliko wote, maana sumu inasindikizwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Ikishajikunja upya, A1 inabandika kipande cha NAD, molekuli iliyomo ndani ya seli, kwenye protini ya Gs, swichi ya seli ambayo kwa kawaida hujizima yenyewe. Ikibandikwa haizimiki tena. Saikliki AMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, inapanda, mfereji wa CFTR unaopitisha kloridi kwenye utando unafunguka, kloridi inatoka, sodiamu na maji vinafuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Dawa inazuia sumu mpya tu, ndiyo maana kuharisha kunapungua kidogo kidogo badala ya kukata. Vidonge vya kufunga tumbo usimpe: maji yanaendelea kutoka kwenye damu, yanatuama tu utumboni.

Sasa sukari. Kisafirishi cha SGLT1 huingiza glukosi moja pamoja na sodiamu mbili, na sumu haikigusi. Maji yanafuata humo humo. Pakiti ya ORS (unga wa kuchanganya na maji ya kunywa ili kurudisha maji na chumvi mwilini) ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, mbali na potasiamu na sitreti. Huna pakiti? Lita moja ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, yaani visivyo na kilima. Maji ya ziwani, iwe Kibirizi au Katonga, chemsha kwanza, yapoe, ndipo uchanganye. Yakipita saa 24 mwaga.

Kosa ninaloliona sana ni pakiti ya lita nzima kumiminwa kwenye chupa ya nusu lita. Ikiwa nzito hivyo inavuta maji kuingia utumboni, kuharisha kunazidi, na chumvi inamdhuru mtoto. Soda ni vilevile, sukari tele bila chumvi ya maana. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja.

Macho yakizama, mapigo ya mkononi yakawa hayashikiki au akalegea, hiyo ni dripu ya Ringa lakteti (maji yenye chumvi ya kuingizwa mshipani), mkimbize kituoni huku mkimnywesha njiani kama anameza. Kuanzia umri wa mwaka mmoja ni mililita 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Mwenye kilo 60 ni lita 1.8, halafu lita 4.2. Dripu ya glukosi tupu haifai hapa, haina sodiamu.